Hakusema Hivyo: Kwenda Salale na Mtu wa Santa María

Habari iliyofika Kibiti kabla yangu ni kwamba Mwalimu Rukia alimfokea afisa mbele ya mgeni kutoka ng'ambo, akaachwa huko delta ya Rufiji kama mzigo usio na mwenyewe. Habari hiyo ni ya kweli. Ila wanaoisimulia wanaicheka, na mie siicheki. Basi kwa nyie wenzangu wa ofisi ya walimu, mliokaa mkinitazama kwa jicho la kuuliza tangu niliporudi, naandika yote kama yalivyofuatana, mjue nimekasirikia nini na kwa nini hasira yenyewe haijaisha.

Afisa ni Shaweji. Wengine mnamfahamu, mwenyeji wa Ikwiriri, tulisoma naye. Sasa ana kazi kwenye mradi mmoja wa mazingira ambao jina lake siliandiki. Alinifuata shuleni akasema amepata mgeni, mtaalamu wa miamba na mito kutoka Guatemala, Amerika ya Kati, naye anazungumza Kihispania na Kiingereza tu. Kazi yangu ilikuwa moja, kwenye mkutano wa kijiji cha Salale: mgeni akisema Kiingereza, niseme Kiswahili, watu wa Salale wakisema Kiswahili, niseme Kiingereza.

Nilikubali haraka. Miaka yote nafundisha volkano kwa kuchora pembetatu ubaoni na kutia chaki nyekundu juu, na sijawahi kuongea na mtu aliyewahi kuiona. Tena Salale ndiko anakoishi Bi Tatu, mdogo wake marehemu mama yangu, analima mpunga huko. Nikasema nitakwenda kazini na kumsalimia mama mdogo kwa nauli ya mtu mwingine.

Ikwiriri, darajani

Safari ilianza kwa kwenda tusikokwenda. Salale iko upande wa bahari, lakini tulishuka kwanza kusini hadi Ikwiriri, kwa sababu mgeni alikuwa amefikia huko gesti. Shaweji alisema tutafika, tutampakia, tutageuza. Tulipofika akakutana na mnunuzi wa ufuta, wakaanza mazungumzo ya bei, na mie nikaingia ndani peke yangu kumtafuta mgeni.

Nilimkuta amekaa mbele ya kikombe. Mwanaume wa makamo, mfupi, nywele zimeanza mvi, kofia ameiweka gotini kwa adabu. Alikuwa ameomba kahawa. Dada wa gesti alikuwa amemletea maji ya moto na kahawa ya kopo, unga ule wa kukoroga, na mgeni alikuwa anautazama kama mtu anayetazama maiti asiyemjua.

"Anaitwa Anselmo," dada akaninong'oneza. "Tangu asubuhi nikimuuliza chai, anasema kahawa. Nikimpa kahawa, hanywi. Mwalimu, muulize ananitaka nini."

Nikamuuliza. Akacheka, akasema babu yake alikuwa mkulima wa kahawa, na kahawa ile iliota kwenye majivu ya mlima. "Majivu yanapotua yanaua kila kitu," alisema, "halafu yakikaa, yakinyeshewa, yakioza, hakuna udongo unaoyashinda. Ndiyo maana watu hurudi. Wageni hufikiri tunarudi kwa ujinga." Dada wa gesti nilipomtafsiria akaondoa kikombe, akaleta maharage na chapati, na mgeni akala kana kwamba amefika kwao.

Kabla ya kugeuza aliomba tushuke kwanza hadi mtoni, darajani. Alishuka pembeni ya daraja hadi kwenye maji, akachota mchanga wa Rufiji, akausugua kiganjani. Akaniambia mto wa kwao una mchanga mweusi, kwa sababu unashuka kutoka kwenye volkano iitwayo Santa María, na kila mvua inaponyesha unabeba majivu na mawe mapya. Wetu ulikuwa mweupe, una chembe zinazometameta. "Huu umetoka kwenye miamba ya zamani sana," alisema. "Mto wenu ni mzee. Wa kwetu ni mlevi."

Shaweji alikuwa ndani ya gari, simu sikioni, akipiga honi.

Bungu, tairi lilipopasuka

Tulirudi kupitia Kibiti hadi Bungu, pale barabara ya Nyamisati inapochepuka, na hapo tairi likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo. Shaweji alimlaumu dereva, dereva akamkumbusha kwa upole kwamba alimwambia juzi. Tairi likapelekwa kwa fundi, nasi tukaketi kwa mama mmoja anayepika kando ya barabara. Alikuwa na sufuria ya uji upande huu, na ya ugali upande ule.

Anselmo alizitazama zile sufuria mbili kwa furaha mpaka mama akaona haya. Kisha akaniambia nimtafsirie mama mwenyewe, si Shaweji.

"Mwambie hivi. Ipo milima ambayo moto wake wa ndani ni mwepesi kama huu uji. Unachemka, unafurika, unatiririka, na mtu anaweza kuondoka kwa miguu akauacha. Mlima wetu ni kama ule ugali. Mzito. Hewa ya moto inanaswa ndani, haina pa kutokea. Unatulia, unatulia, halafu unatema."

Mama akakunja mkono wa gauni akamwonyesha makovu ya kuungua, madogo madogo, kiganja hadi kiwiko. "Mwambie huo mlima naujua," akasema. Tulicheka sote. Nadhani ndiyo mara ya mwisho niliyocheka siku ile.

Hapo ndipo alipotusimulia mwanzo wake. Santa María ulikuwa mlima wa kawaida machoni pa watu, mrefu, umechongoka vizuri, msitu umeupanda hadi karibu na kilele. Ulikuwa umenyamaza karne nyingi, hata wazee hawakuwa na hadithi ya kuwaka kwake. Mwaka 1902 ardhi ikatetemeka mara kadhaa, nyumba zikaanguka mjini. Mwezi wa Oktoba ubavu wa kusini magharibi ukapasuka. Nusu ya mlima upande ule ikaruka juu. Mchana ukawa giza, majivu yakajaa juu ya mapaa, mapaa yakawaangukia waliojificha chini yake.

"Na kuna jambo bibi yangu alisimuliwa na mama yake," alisema. "Wakati majivu yanaanguka, mpiga mbiu alipita mitaani akasoma tangazo kwa mwanga wa taa, maana kulikuwa giza. Tangazo lilisema mlima unaowaka uko nchi ya jirani. Watu wametandwa na majivu hadi kope, wanasomewa kwamba majivu si yao."

Nilimtafsiria mama, mama akaacha kukoroga ugali. "Na walimwamini?"

"Anasema wapo walioamini, kwa sababu ilikuwa imeandikwa."

Tairi liliporudi, Shaweji alinivuta pembeni. "Mwalimu, hayo ya ugali na mpiga mbiu yaache hapa hapa. Kule mkutanoni useme kwa ufupi. Kwao watu waliambiwa wahame, wakagoma, wakafa. Basi. Hao wa Salale wanalima mpunga ndani ya mikoko, tunawaambia wahame, hawasikii. Wakisikia kwa mtu aliyefiwa watasikia."

"Yeye hajasema watu waligoma," nikamwambia.

"Atasema. Na asiposema, wewe utasema. Kwani nani anajua Kiingereza Salale?"

Nilipaswa kushuka hapo, nirudi zangu Kibiti. Sikushuka. Nilijiambia mtu hawezi kufanya jambo kama hilo mchana kweupe, tena mbele ya mwenye maneno yake. Nikageukia dirisha njia nzima, vumbi linaingia, mikorosho inapita.

Nyamisati, kungoja maji

Nyamisati tulikuta maji yamekupwa. Boti letu, la plastiki ngumu lenye injini ya nyuma, lilikuwa limelala kwenye tope kama ng'ombe aliyechoka. Nahodha, Mbwana, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alituambia hakuna kuondoka mpaka maji yajae. Shaweji akamwambia tuna ratiba. Mbwana akamtazama, akautazama mkono wa bahari, akasema, "Iambie yenyewe."

Tukangoja kwenye rundo la boriti za mikoko zilizosubiri kupakiwa. Akaja mzee mmoja muuza boriti, akamzunguka Anselmo, akaniuliza huyu amekuja kupima nini. Nikasema hapimi, anatazama mto. "Wote huanza kwa kutazama," mzee akajibu, akaenda kukaa mbali nasi. Wengine waliokuwa karibu nao wakasogea. Nilipomweleza Anselmo, aliitikia kwa kichwa tu, akasema kwao pia kuna watu waliokuja kutazama kwanza.

Kuhusu chakula: samaki wa kukaanga na muhogo. Anselmo aliuliza kama kuna pilipili, akapewa ile ndogo ya shambani, akaitafuna nzima nzima. Muuza samaki akaita wenzake waje waone. Shaweji alikula ndani ya gari.

Kwenye tope

Maji yalipokuja tulipanda, lakini Shaweji alimharakisha nahodha akate njia ya mkato, na katikati ya mikoko tukakwama. Mbwana alizima injini, akakunja suruali, akashuka. Anselmo naye akashuka kabla hajaambiwa, akazama hadi mapajani. Nami nikafunga kanga kiunoni nikafuata. Shaweji akabaki amekaa, viatu vyake amevipandisha juu ya ubao visilowe, akituelekeza tusukume upande gani.

Mwanzoni Anselmo alicheka. Halafu akaacha kusukuma, amesimama ndani ya tope, mikono kwenye ukingo wa boti. Nikamuuliza kama ameumia.

Akasema hapana. Akasema tope la kwao halinuki chumvi, linanuka baruti. Alikuwa mtoto lilipoingia mjini kwao, mji unaitwa El Palmar, uko chini ya mlima. Majivu na mawe yaliyomwagwa juu huko hukaa kwenye mabonde yakisubiri mvua. Mvua ikija, yote hushuka kwa pamoja, mazito kama zege lililokwisha korogwa, yanaviringisha mawe makubwa kuliko hili boti. Kila msimu kitanda cha mto kilijaa kikapanda. Wazee waliona, wakasema mto sasa uko juu kuliko barabara. Kisha mto ukaacha njia yake, ukapita katikati ya mji, ukachimba korongo, ukalikata kanisa vipande viwili, huku mlango na kule madhabahu.

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tukahama. Mji mzima. Baba yangu aling'oa mlango wa nyumba yetu, akaubeba mgongoni, akatembea nao hadi mahali tulipopewa. Alisema, 'Ukuta nitajenga, mlango huu aliutengeneza baba yangu.'"

Tulisukuma tena, boti likanyanyuka. Tulipopanda, miguu yetu myeusi, Shaweji akaniuliza, "Anasemaje huyo?"

"Anasema walihama," nikamjibu, nikimkazia macho. "Mji mzima."

Akageuka kutazama mikoko.

Salale, shambani

Bi Tatu alitupokea kwa makelele. Mama mdogo wangu ana sauti inayovuka maji, na alipoona kanga yangu ilivyochafuka akasema, "Shule gani hiyo inayokufundisha kuogelea kwenye tope?" Akatupa maji ya kunawa, akatupakulia wali wa mpunga wake mwenyewe na kamba wa nazi, na mgeni akala mpaka akalegeza mkanda. Kabla ya mkutano akamchukua kwenda kumwonyesha shamba, nami nikiwa katikati yao kama daraja.

Alianza na la juu, mpunga umesimama vizuri. Kisha akatupeleka la chini, karibu na mkono wa maji, alilolifyeka mwenyewe na marehemu mume wake. Hapo Anselmo akapiga magoti. Ncha za majani zilikuwa zimeungua rangi ya kutu. Kwenye tuta kulikuwa na weupe kama unga uliomwagika, na mashimo ya kaa yalikuwa yamevuka tuta yakaingia ndani. Alitia ncha ya kidole kwenye ule weupe, akaonja, akapangusa kidole kwenye suruali. Bi Tatu akamtazama usoni, kisha akageuka kuturudisha mkutanoni.

Salale, mkutanoni

Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Shaweji alifungua kwa salamu ndefu. Akasema mgeni ametoka nchi ya milima ya moto, anayajua maafa, asikilizwe.

Anselmo alisimama, akavua kofia. Alisema hakuja kuwaambia cha kufanya, maana hajui maisha yao. Nikatafsiri. Shaweji akakohoa. Anselmo akaendelea, akaeleza Santa María ulivyopasuka, na baada ya miaka ishirini, katika lile shimo la ubavuni, ulivyoanza kuota mlima mwingine mdogo, wa mawe yanayosukumwa kutoka chini yakiwa mazito na ya moto. Wakauita Santiaguito, na unakua mpaka leo, unatema majivu kila siku. Mwaka 1929 sehemu yake moja ikaporomoka, wingu la moto likateremka bondeni juu ya mashamba ya kahawa, na waliokuwa huko hawakupata hata kukimbia.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini watu walilala chini ya kitu kama hicho?"

Anselmo alisema, "Kwa sababu mashamba hayakuwa yao. Walikuwa vibarua, wakilala walipoelekezwa. Wenye mashamba walilala mjini."

Nikatafsiri hilo. Kisha akasimulia El Palmar, mto uliopanda, kanisa lililokatwa, na jinsi walivyohama. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, Shaweji akasimama mbele yangu.

"Mwalimu amechoka, nitamsaidia. Mgeni anasema kwao watu walionywa wahame, wakagoma. Waling'ang'ania mashamba. Matope yakaja yakawafukia wote, wazazi wake tu walinusurika kwa bahati. Anasema ameona mashamba yenu, na msipoondoka kabla ya msimu huu, yatawakuta hayo hayo."

Wanawake wakashika vichwa. Mzee akasema innalillahi. Anselmo aliziona nyuso zikibadilika, akaniuliza kwa haraka, "Nimesema nini? Kwa nini wananitazama hivi?"

Nikasimama. 

"Hakusema hivyo," nikasema.

"Mwalimu, kaa."

"Sikai. Hakusema hivyo. Amesema walihama, mji mzima. Baba yake alibeba mlango wa nyumba mgongoni akahama. Shaweji, baba wa mtu huyu unamfanya mkaidi, mbele ya watu asioweza hata kuwaambia kwamba unasema uongo?"

"Wewe ni mkalimani, si mjumbe wa kijiji hiki."

"Ndiyo maana nasema alichosema! Wewe ndiye unayesema asichosema. Umemtoa mtu ng'ambo yote hiyo ukamlisha samaki, ili uazime maiti wa kwao uwatishie mama zetu. Kama una neno lako na Salale, liseme kwa mdomo wako. Sema Shaweji wa Ikwiriri anataka mhame. Unaogopa nini?"

Nilisema na mengine, ambayo mwalimu hasemi, na hayo ndiyo yaliyofika Kibiti. Nikamgeukia Anselmo nikamweleza kwa Kiingereza alivyosemewa. Uso ulimbadilika, akaanza kuongea na Shaweji kwa Kihispania. Sijui hata neno moja, wala Shaweji hajui, lakini hakuna mtu uwanjani aliyehitaji mkalimani.

Nilidhani watu watanipigia makofi. Hakuna aliyepiga. Bi Tatu alisimama, kanga kaikaza.

"Rukia. Ulijua tangu lini kwamba anataka kusema haya?"

"Tangu Bungu, mama mdogo."

"Na ukapanda boti naye."

"Nilipanda."

"Ukaja ukala wali wangu, ukanitembelea shamba, neno lisikutoke." Akatunyooshea kidole mie na Shaweji. "Basi kaeni wote wawili. Mie nina hasira nanyi nyote. Ila wewe usikae bado, muulize mgeni swali langu, na unipe jibu kama lilivyo. Tuhame au tusihame?"

Nikamuuliza. Anselmo alizungusha kofia mikononi.

"Mwambie mto wao si kama wangu," alisema. "Wangu ulituletea mawe. Wa kwao unawaletea udongo, ndio umejenga ardhi hii waliyokaa. Hakuna mlima juu yao utakaowaangukia, na anayewatisha kwa mlima wangu hawatendei haki. Mashamba ya juu sijaona kwa nini waondoke. Lakini mashamba ya chini, karibu na mkono wa maji, chumvi imeshaingia, na kaa wamefungua njia yake. Bahari inakuja huko, wala tuta halitaizuia. Samahani. Shamba la mama huyu la chini halitarudi."

Hapo ndipo nilipojua kazi niliyoikubali ni kazi gani. Shaweji alijua Kiingereza cha kutosha kulielewa jibu hilo. Alikuwa anatabasamu. Ningeweza kupunguza. Ningeweza kusema "huenda," ningeweza kusema "baadaye," na mama mdogo wangu angekwenda kulala na shamba lake. Nilitafsiri yote, neno kwa neno, hadi samahani.

"Kasema hivyo, au umeongeza wewe?" Bi Tatu aliuliza.

"Kasema hivyo."

"Shamba nililolifyeka na marehemu."

"Hilo, mama mdogo."

Alikaa chini. Lile tabasamu la Shaweji sitalisahau. Uongo wake ulinikasirisha, lakini tabasamu lile lilinifanya nitake kumrushia kiatu. Mtu amepokonywa shamba mbele ya kijiji kizima, naye anahesabu ushindi.

Kurudi juu ya boriti

Maji yalipokuwa bado yamejaa, Shaweji alisema anakwenda kuangalia boti. Tulipofika ufukweni tulikuta alama tu ya boti kwenye tope. Baadaye Mbwana aliniapia kwamba aliambiwa sisi tumeamua kulala. Namwamini, kwa sababu ndiye aliyetuma salamu kwa jamaa yake mwenye boti la mizigo atupitie.

Tulilala shuleni; jamaa huyo alifika asubuhi, akapakia boriti hadi juu, na juu ya boriti akatupakia sisi. Hakuna pa kushika, hakuna pa kuegemea. Jua lilituchoma, maji yakapwa tena, tukangoja tena katikati ya mikoko na mbu. Bi Tatu hakuja kutuaga. Alituma tu wali wa baridi uliofungwa kwenye jani la mgomba, fungu moja, la mgeni. Anselmo alinigawia nusu. Nilikataa, kisha nikala.

Nikamuuliza, kwa hasira iliyokuwa haina pa kwenda, kama ilikuwa lazima aseme lile la shamba.

"Ulitaka nisiseme?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kwa saa ile, ndiyo."

"Kwetu wazee waliuona mto umepanda," alisema. "Waliokuja kupima pia waliona. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, kwa sababu halikuwa neno zuri."

Tukafika Nyamisati. Pale muuza samaki alimtambua akamwekea pilipili bila kuulizwa. Tukapanda bodaboda mbili hadi Bungu, vumbi la yake likiingia mdomoni mwangu. Basi la kwenda Dar lilikuwa linaondoka, akalikimbilia, akanipungia kofia dirishani. Tulisahau hata kuagana vizuri.

Kibiti, nyumbani

Mkuu wa shule aliniita. Alisema amepokea malalamiko kwamba nilivuruga mkutano wa wananchi. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Akanisikiliza, akasema mwalimu angetafuta namna ya busara. Nikamuuliza namna gani. Akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Mradi ulirudi Salale na mkalimani mwingine, ingawa safari hii hapakuwa na mgeni wa kumtafsiria. Walileta picha za volkano inayowaka, za kuonyesha ukutani kwa mashine. Nimeyajua haya kwa nahodha Mbwana. Anasema watu walikaa, wakazitazama picha zote kwa utulivu, kisha wakamwomba Shaweji azime mashine aseme mwenyewe, kwa nini anataka waondoke na waende wapi. Anasema Shaweji alisimama akaangalia mashine, akaangalia watu, akasema muda umekwisha.

Familia kadhaa zimeyaacha mashamba ya chini. Wameondoka wenyewe, wamepanda kwenye ardhi ya juu ndani ya Salale hiyo hiyo, na hakuna aliyewaamuru.

Bi Tatu ni mmoja wao. Alinipigia jana, mara ya kwanza tangu siku ile. Hakunisalimu.

"Nimehamisha mbegu," alisema. "Lile la chini nimewaachia kaa."

Nikaanza kusema pole, mama mdogo.

"Usinipe pole. Nimehama kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimekusamehe."

Akakata simu.